Boliti ikikatika mara ya tatu, tuache kuilaumu boliti

Kuna ubovu mmoja wa injini za boti ambao mafundi wa pwani na wa maziwa wanaujua vizuri, na ambao wenye vyombo wamekwisha kuuhesabu kama sehemu ya gharama za kazi. Boliti ya pampu ya maji inakatika. Fundi anaitwa, anakitoa kipande kilichobaki tunduni, anatia boliti mpya, injini inawashwa, maji yanatoka nyuma kama kawaida na chombo kinarudi majini. Baada ya wiki chache boliti ya tundu lilelile inakatika tena. Inanunuliwa iliyo ngumu zaidi, nayo haimalizi msimu. Hoja yangu ni kwamba boliti inayokatika zaidi ya mara moja mahali palepale ni nadra sana kuwa ndiyo yenye kosa. Inatoa taarifa ya kosa lililo mahali pengine, na taarifa hiyo imeandikwa kwenye kile kipande tunachokitupa. Desturi yetu ya kumlipa fundi kwa kufunga tu, bila kumlipa kwa kutafuta chanzo, ndiyo inayoufanya ubovu huu urudi mpaka siku unapotokea mahali pabaya.

Jambo hili lingeweza kubaki la mafundi peke yao kama pampu yenyewe ingekuwa kitu kidogo. Injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya boti haina upepo wa barabarani wa kuipoza. Maji ya bahari au ya ziwa yanavutwa kupitia tundu lililo chini ya usawa wa maji, yanasukumwa na impela ya mpira hadi kwenye kipozeo, yanachukua joto la maji yanayozunguka ndani ya injini, kisha katika vyombo vingi yanamiminwa kwenye bomba la moshi ili nalo lipoe. Pampu ikilegea na kukaa upande, mkanda unaruka, na ndani ya dakika chache injini inachemsha. Gasketi ya silinda hedi inaungua, pistoni zinanoki, na bomba la mpira la moshi, lililokuwa salama kwa sababu ya maji tu, linaanza kuyeyuka. Pampu iking'oka kabisa na kuvunja bomba lake, njia ileile iliyokuwa ikileta maji ya kupoza inayamwaga ngamani mpaka mtu akumbuke kufunga vali. Na chombo kilichozimikiwa na injini wakati wa kusi, katika mkondo wa Pemba au wa Zanzibar, hakichagui tena pa kuelekeza omo. Kinageuzwa ubavu na mawimbi, na waliomo hawana la kufanya ila kutia nanga kama kina kinaruhusu.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayoiondolea boliti lawama. Boliti iliyozoeleka kwa kazi hii ina unene wa milimita 8 na alama ya 8.8 kichwani. Alama hiyo inasema kwamba kila milimita ya mraba ya chuma chake hustahimili mvuto wa karibu kilo 80 kabla haijakatika, na karibu kilo 64 kabla haijarefuka moja kwa moja. Ikikazwa inavyotakiwa, boliti moja ya namna hiyo huibana pampu kwenye injini kwa nguvu ya takriban tani moja na nusu. Zikiwa nne ni tani sita. Mkanda unaozungusha pampu hauvuti hata robo ya tani. Ni muhimu kuelewa kwamba boliti haifanyi kazi ya kuizuia pampu isisogee. Inayoizuia ni misuguano ya nyuso mbili zilizobanwa pamoja, na kazi ya boliti ni kubana tu. Nyuso hizo zikiendelea kubanwa barabara, mtikisiko wa injini unapita kwenye chuma cha pampu na cha injini, na boliti yenyewe inahisi sehemu ndogo mno ya mtikisiko huo. Mbano ukipungua, mambo yanageuka. Pampu inaanza kucheza kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na kila mzunguko wa injini unaipinda boliti kidogo na kuirudisha.

Chuma kinachopindwa na kurudishwa hivyo hukatika kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, hata kama kila mkunjo peke yake ni mdogo mno kukivunja. Mjerumani August Wöhler aliupima uchovu huu wa chuma katika karne ya 19, alipokuwa akichunguza kwa nini ekseli za mabehewa ya reli zilikatika chini ya mizigo ambayo zilikuwa na uwezo mkubwa wa kuibeba. Injini inayozunguka mara 1,800 kwa dakika huzunguka mara 108,000 kwa saa, kwa hiyo saa 10 tu za safari ni zaidi ya mizunguko milioni moja. Ndiyo maana boliti mpya haikatiki siku ya kufungwa. Inapita majaribio yote ya bandarini, inakwenda safari kadhaa, inampa kila mtu imani kwamba kazi imekwisha, kisha inakatika. Muda huo wa wiki chache ni dalili nzuri kwamba tunashughulika na uchovu. Boliti dhaifu tu, au iliyokazwa kupita kiasi, kwa kawaida ingeonyesha udhaifu wake mapema zaidi.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, nalo husemwa kwa kujiamini sana: basi tutie boliti ngumu zaidi, ya 10.9 au 12.9. Pingamizi hili lina mantiki ya dukani, lakini halina mantiki ya chuma. Ugumu wa boliti unapimwa kwa kuivuta mara moja mpaka ikatike. Kustahimili mtikisiko ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kitako cha kila uzi wa boliti ni mkato ambapo ufa huanzia, na mkato huo upo katika boliti laini na katika boliti ngumu. VDI 2230, mwongozo wa Kijerumani ambao wahandisi wengi wanautumia kukokotoa viungo vya boliti, unaipa boliti ya kawaida ya milimita 8 uwezo wa kustahimili mtikisiko wa kama kilo tano na nusu tu juu na chini kwa kila milimita ya mraba, na kiwango hicho ni kilekile kwa 8.8, 10.9 na 12.9. Aliyelipia boliti ya bei kubwa amenunua nguvu ambayo ubovu wake hauiulizi. Ni kweli kwamba boliti ngumu inaweza kukazwa zaidi na hivyo kubana zaidi. Lakini tundu lililokatwa nyuzi katika alumini ya injini haliongezeki nguvu pamoja nayo, na mara nyingi linalofuata ni nyuzi za tundu kung'oka au sikio la pampu kupasuka. Hapo boliti ya bei ya chai imegeuka kuwa pampu nzima.

Wengine hukimbilia chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa ni baharini. Wanasahau kusoma kichwa chake. Boliti nyingi za aina hiyo zina alama ya A2-70 au A4-70, maana yake hukatika kwenye kilo 70 badala ya 80 na huanza kurefuka kwenye kilo 45 badala ya 64. Aliyebadilisha akidhani ameimarisha, amedhoofisha. Tena chuma hicho kikikutana na alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na nyuzi za tundu zinageuka unga mweupe. Pale ambapo mtengenezaji ameweka chuma kisichoshika kutu, kiwekwe hichohicho. Pale ambapo hakuweka, alikuwa na sababu.

Sasa turudi kwenye kipande kilichokatika. Kikisafishwa kwa dizeli na brashi laini, wala si ya waya kwa sababu waya unafuta kinachotafutwa, na kikaangaliwa kwenye mwanga wa ubavuni, kinajieleza. Boliti iliyokufa kwa uchovu hukatika bapa bila kurefuka, na uso wake una sehemu mbili. Moja ni laini, wakati mwingine ina mistari ya nusu duara inayopanuka kutoka nukta moja ya ukingoni, na nukta hiyo mara nyingi iko kwenye kitako cha uzi wa kwanza ulioingia tunduni, au pale shingo inapokutana na kichwa. Nyingine ni ya chembechembe na inakwaruza kidole. Hiyo ndiyo iliyobaki ikibeba kila kitu mpaka ikashindwa kwa mkupuo mmoja. Sehemu laini ikiwa imekula karibu uso wote, mzigo wenyewe ulikuwa mdogo na boliti ilikuwa ikifa polepole kwa siku nyingi. Nyufa zikianzia pande mbili zinazotazamana, boliti ilikuwa ikipindwa huku na huko. Sehemu laini ikiwa na kutu wakati ile ya chembechembe inang'aa, ufa ulikuwapo muda mrefu na maji yakaingia. Boliti iliyokazwa kupita kiasi inaonyesha kitu kingine: nyuzi zake zimenyooka na kuachana, na mkato wake umejisokota. Haya hayahitaji maabara. Yanahitaji macho, mwanga, na mtu ambaye hajakitupa kipande.

Pingamizi la pili ni la spea feki, na hili silipuuzi. Madukani mwetu kuna boliti zisizo na alama yoyote kichwani, na kuna zilizopigwa alama zisizostahili. Boliti laini ya namna hiyo, hata ikikazwa kwa uangalifu, hurefuka kidogokidogo na kupoteza mbano. Lakini hata hapo jibu liko kwenye kipande. Boliti laini iliyozidiwa huwa imejinyonga kiuno karibu na mkato, na ukiilinganisha na mpya utaona nafasi kati ya nyuzi zake imepanuka. Kama kipande ni bapa na hakikurefuka, kulaumu feki ni kukwepa swali. Na kama boliti za asili ya mtengenezaji nazo zimekatika tunduni humo, dai la feki limekwisha.

Chanzo basi kitafutwe wapi? Swali la kwanza ni kama kila mara inakatika boliti ya tundu moja, au wakati mwingine hii na wakati mwingine ile. Tundu likiwa ni lilelile, tatizo liko kwenye umbo la mahali hapo, na mahali pa kuanzia ni kina cha tundu. Boliti inapokatika na kipande chake kikatolewa kwa kuchimba, mara nyingi vumbi la chuma au mabaki hubaki chini. Boliti mpya inafika mwisho wa tundu kabla kichwa chake hakijaibana pampu. Fundi anahisi spana imegoma, anaridhika, lakini nguvu yote imeishia chini ya tundu na pampu haijabanwa. Waya mwembamba unaotumbukizwa tunduni na kuwekwa alama, kisha ukalinganishwa na urefu wa boliti baada ya kutoa unene wa sikio la pampu na washa, unalimaliza suala hilo kwa dakika moja. Kosa jingine la karibu na hilo ni rangi na silikoni. Chombo kinapakwa rangi pamoja na injini, pampu inafungwa juu ya rangi hiyo, au gasketi inasaidiwa na silikoni nene. Joto la kwanza linavilainisha, vinanywea, na mbano uliokuwapo bandarini haupo tena baharini. Nyuso zinazokutana zinatakiwa kuwa chuma kitupu, safi, na gasketi iliyopangiwa mahali hapo.

Zikiwa zinakatika boliti tofauti tofauti, macho yatoke kwenye tundu yaende kwenye kinachotikisika. Rula ndefu ya chuma ikilazwa kwenye nyuso za puli mbili itaonyesha kama ziko kwenye mstari mmoja. Mkanda uliokazwa mno unaua beringi ya pampu, na beringi iliyokufa inairusha puli. Vipo pia vipini vidogo vya kulengesha pampu mahali pake, ambavyo hupotea wakati wa matengenezo na kuziachia boliti kazi isiyokuwa yao. Baada ya hapo ndipo iangaliwe mipira inayobeba injini, propela iliyopinda, na silinda isiyochoma vizuri. Wapo watakaosema washa ya springi au gundi ya boliti ingetosha. Mjerumani mwingine, Gerhard Junker, alionyesha mwaka 1969 kwamba kiungo kinachotikiswa kwa ubavu hujifungua chenyewe hata kikiwa kimekazwa vizuri, na majaribio ya mashine ya aina yake yameonyesha kwamba washa ya springi haisaidii kitu cha maana. Gundi inasaidia boliti isizunguke, hilo ni kweli. Lakini haiwezi kurudisha mbano ambao haukuwapo tangu mwanzo.

Anayedhani haya ni mambo madogo ya chumba cha injini aangalie yaliyotokea Sayano-Shushenskaya, kituo cha umeme wa maji huko Siberia, Urusi. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 2009 mfuniko wa mtambo namba 2 uling'oka, maji yakafurika ukumbi wa mitambo, na watu 75 wakafa. Wachunguzi walipozichukua boliti 49 miongoni mwa zilizokuwa zimeushikilia mfuniko huo, waliziona 41 zikiwa na nyufa za uchovu. Mtambo ule ulikuwa ukitikisika kupita kiwango kabla ya siku hiyo, na uliendelea kuendeshwa. Tofauti ya ukubwa kati ya mtambo ule na pampu ya boti ni kubwa mno, lakini chuma kilikufa kwa njia ileile, na kilikuwa na muda wa kutosha wa kusomwa.

Lililobaki ni pingamizi zito kuliko yote, nalo ni la fedha. Mwenye boti atasema: siku moja bila kutoka ni siku moja bila samaki au bila abiria, na wafanyakazi wanangoja. Fundi atasema: nikikaa saa tatu nikipima puli na kuangalia vipande kwa mwanga, hakuna atakayenilipa saa hizo, nikitia boliti kwa nusu saa, ninalipwa papo hapo. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaowalaumu mafundi kuwa hawajui kazi. Wengi wanajua. Tumewapangia malipo ambayo yanaadhibu kujua. Fundi anayetafuta chanzo anapoteza wateja wa siku hiyo, na anayebadilisha boliti kila mwezi anabaki na mteja wa kudumu. Mwenye chombo anayetaka hesabu ya kweli ajumlishe boliti zote, siku zote zilizopotea, mafuta ya boti ya jirani iliyokwenda kumvuta, na impela iliyochanika baada ya kuzunguka kavu, kisha aweke pembeni malipo ya nusu siku ya fundi aliyeambiwa waziwazi: leo hunifungii, leo unanitafutia. Hata kwa mtu anayeishi kwa pato la siku, malipo hayo ya mara moja ni madogo kuliko malipo ya kidogokidogo yasiyokuwa na mwisho.

Kuhusu vifaa, kinachohitajika zaidi ni spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza. Boliti ya milimita 8 ya 8.8 hutaka takriban nyutonimita 25, sawa na mkono kuvuta uzito wa kilo 10 kwenye mpini wa sentimita 25, na anayeongeza bomba kwenye mpini anapita hapo bila kujua. Hata spana hiyo haisemi yote, kwa kuwa karibu asilimia 90 ya nguvu ya kukaza huishia kwenye misuguano, na nyuzi zenye kutu hudanganya kipimo. Ndiyo maana zisafishwe kwanza na kitabu cha mtengenezaji kifuatwe kama kinataka zipakwe mafuta au zifungwe kavu. Kwa mvuvi mmoja spana hii ni ghali. Kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za mwambao, kama vile vilivyopo Tanzania na Kenya, spana moja ya kuazimwa na chombo kilicho na matengenezo si mzigo.

Serikali ya Tanzania katika miaka ya karibuni imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za kisasa pamoja na injini zake. Mkopo wa injini usiokuwa na daftari la matengenezo unamwachia mkopaji deni na ubovu kwa pamoja. Daftari hilo lianze na chombo, na katika ukurasa wa pampu paandikwe tarehe, saa za injini, tundu lililohusika, alama iliyokuwa kichwani mwa boliti, na jinsi mkato ulivyoonekana. Kipande chenyewe kifungwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na daftari. Vyuo vya uvuvi vya Mbegani na Nyegezi, na vyuo vya mabaharia vya Dar es Salaam na Mombasa, vinaweza kufundisha kusoma mkato kwa vipindi vichache na sanduku la boliti zilizokatika, ambazo hazina bei. Wakaguzi wa vyombo nao, ambao sasa huhesabu maboya na kuangalia vizimamoto, waongeze swali moja wanapofika kwenye chumba cha injini: ni boliti gani imekatika tangu ukaguzi uliopita, na kipande chake kiko wapi? Ikiwa imekatika mara mbili tunduni humohumo na daftari halionyeshi chanzo kilichopatikana, chombo kisipewe cheti cha kubeba abiria mpaka chanzo kipatikane. Watakaolalamika kwamba ni urasimu wapewe nafasi ya kueleza kwa nini abiria wavuke mkondo wakitegemea kiungo ambacho mwenye chombo mwenyewe anajua kwamba kitakatika.